MABADILIKO YA NGOZI YA TITI: DALILI ISIYONGOJA MSIMU WA PAMBA

Kila karani wa mizani katika vyama vya msingi vya Mkoa wa Simiyu anafahamu kwamba pamba haihukumiwi kwa kilo peke yake. Kabla furushi halijapanda mizani, karani hulifungua, hutazama rangi, hupapasa nyuzi, kisha hutenga pamba safi na pamba fifi. Furushi zito laweza kuwa na doa ambalo mizani haitalionyesha kamwe.

Jambo la namna hiyo lipo katika ugonjwa wa saratani ya titi. Watu wengi wamefundishwa kuutafuta kwa njia moja tu, nayo ni kupapasa ili kujua kama pana uvimbe. Mafundisho hayo ni sahihi na yafaa yaendelee, kwa kuwa uvimbe ndio dalili ya kwanza kwa wagonjwa walio wengi. Lakini si kwa wote. Wapo wanawake ambao saratani huwatokea kwanza katika ngozi ya titi au katika chuchu, bila uvimbe wa kushikika na mara nyingi bila maumivu yoyote. Mwanamke wa namna hiyo hujipapasa, hakuti kitu, akaridhika. Na ugonjwa huendelea mbele ya macho yake.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya titi, na wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Katika Tanzania saratani hii ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Linalosikitisha zaidi si idadi ya wanaougua, bali hali wanayofika nayo hospitalini: wagonjwa walio wengi nchini hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuvuka hatua zake za mwanzo, wakati ambapo tiba ni ngumu, ni ya gharama kubwa, na matumaini yamepungua. Yafaa pia ifahamike kwamba katika Afrika Mashariki ugonjwa huu huwapata wengi wakiwa bado katika umri wa kulima na kulea, wakiwa wadogo kuliko wagonjwa wa Ulaya.

Katika Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega kuna sababu moja ya kuchelewa ambayo mwanaushirika yeyote ataielewa bila kufafanuliwa sana. Pamba hupandwa kuanzia mwezi Novemba, hupaliliwa na kunyunyiziwa dawa mvua zikiwa zinaendelea, na huanza kuchumwa kuelekea mwezi Mei. Mwanamke anayeona badiliko katika titi lake mwezi Februari husema moyoni kwamba atakwenda hospitali palizi ikiisha. Palizi ikiisha, husema baada ya kuchuma. Baada ya kuchuma, fedha bado hazijalipwa. Hivyo miezi minne au mitano hupita, wala hakuna aliyemzuia kwa nia mbaya. Saratani nyingine huenda polepole kiasi cha kuvumilia ucheleweshaji huo, ingawa kwa hasara. Ile inayojitokeza kwa ngozi nzima ya titi kuvimba haivumilii. Huenea kwa majuma, si kwa misimu.

Kwa nini ngozi hubadilika

Ili dalili hizi zikumbukwe, ni vizuri kwanza kueleza zinatokana na nini. Ndani ya titi zimo nyuzi nyembamba zinazounganisha ngozi na nyama iliyo chini yake, na ndizo zinazolishikilia titi lisilegee. Nyuzi hizo zilielezwa kwa kina na daktari wa upasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1840. Atakaye kuzielewa na alitazame godoro la pamba lililoshonwa kwa uzi unaopita kutoka upande mmoja hadi wa pili. Pale uzi ulipokazwa, kitambaa hubonyea. Saratani inapoota karibu na nyuzi hizo huzivuta na kuzifupisha, na ngozi iliyo juu hubonyea vivyo hivyo. Kishimo hicho mara nyingi hakionekani mwanamke anapokaa na mikono imelegea. Huonekana anapoinua mikono yote miwili juu ya kichwa, au anapoiweka kiunoni na kujikaza. Ikiwa nyuzi zinazovutwa ziko nyuma ya chuchu, chuchu huzama ndani au hugeukia upande mmoja. Chuchu iliyozama tangu ujana si kitu cha kutisha. Inayopaswa kuangaliwa ni ile iliyokuwa imesimama, kisha ikazama ukubwani.

Jambo la pili lahusu maji. Titi lina mishipa midogo sana inayosafirisha majimaji ya mwili, iitwayo mishipa ya limfu, na mingi kati yake huelekea kwapani. Wakulima wa mpunga wanajua kinachotokea mfereji wa jaluba ukizibwa kwa tope: maji hujaa upande wa juu. Chembe za saratani zikiingia katika mishipa hii na kuiziba, majimaji hujaa ndani ya ngozi nayo ikavimba na kuwa nene. Lakini vitundu vya vinyweleo havivimbi pamoja na ngozi, kwa kuwa vimeshikwa kutoka chini. Hivyo ngozi yote huonekana imejaa vijishimo vidogo vidogo, mfano wa ganda la chungwa. Atakayeiona mara moja hataisahau.

Saratani inayofanana na jipu

Iko aina ya saratani ya titi ambayo dalili zake karibu zote ziko katika ngozi. Titi moja huvimba, huwa zito na la moto, ngozi hubadilika rangi na kuwa kama ganda la chungwa, na mambo hayo yote hutokea katika muda wa majuma machache. Mara nyingi hakuna uvimbe wa duara wa kushikika. Aina hii si ya kawaida. Katika nchi zilizofanya hesabu, kama Marekani, ni kati ya mgonjwa 1 na wagonjwa 5 katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi. Lakini ndiyo yenye haraka kuliko nyingine, na tangu siku inapogunduliwa huhesabiwa kuwa ugonjwa uliokwisha kusonga mbele.

Hatari yake kubwa ni kwamba hufanana na maambukizi ya titi, ambayo akina mama wanaonyonyesha huyapata mara kwa mara na ambayo hupona vizuri. Mganga katika zahanati akiona titi lenye joto na uvimbe hutoa dawa za kuua vijidudu, na katika hilo hana kosa. Maambukizi ya kweli huanza kupungua baada ya siku chache za dawa: homa hushuka, joto hupoa, uvimbe hulegea. Ikiwa siku saba hadi kumi zimepita na titi halijapata nafuu, au limezidi, haifai kuongeza dozi ya pili na ya tatu kwa matumaini. Mgonjwa arudi na aombe kupelekwa hospitali kubwa ili apimwe. Kwa mwanamke asiyenyonyesha, na hasa aliyekwisha koma hedhi, titi kuvimba ghafula si jambo la kawaida, na haifai kudhaniwa tu kuwa ni jipu.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vingi haviliweki wazi. Vitabu vingi vimeandikwa kwa watu wenye ngozi nyeupe, na husema kwamba titi huwa jekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo waweza usionekane kabisa. Titi laweza kuwa na rangi ya zambarau, au ya kahawia iliyokoza, au likawa jeusi zaidi ya lile la pili. Na pengine rangi haibadiliki sana, ila ngozi inang'aa kwa kujaa, ni ya moto, na kitambaa cha nguo huacha alama juu yake. Kwa hiyo mwanamke wa Simiyu asingoje kuona wekundu. Alinganishe titi moja na jingine, kwa macho na kwa kiganja cha mkono.

Ukurutu wa chuchu

Dalili nyingine ya ngozi ni ndogo na ya polepole, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Mwaka 1874 daktari James Paget wa London alieleza kwamba alikuwa ameona wanawake wenye kidonda kama ukurutu katika chuchu, ambao baadaye walipatwa na saratani ndani ya titi hilo hilo. Ugonjwa huo hadi leo huitwa kwa jina lake. Chuchu huwasha, huchubuka, hutoa magamba, hutoa majimaji au damu kidogo inayochafua nguo. Hukauka siku mbili tatu ikadhaniwa imepona, kisha huanza tena. Ukurutu wa kawaida hupenda kushika matiti yote mawili, na mara nyingi huanzia katika duara jeusi linaloizunguka chuchu. Ugonjwa wa Paget hushika titi moja, huanzia katika chuchu yenyewe, kisha huenea nje. Wengi wa wanaopatikana nao huwa tayari wana saratani ndani ya titi, hata kama haijaweza kushikika kwa vidole. Habari njema ni kwamba mara nyingine hugunduliwa mapema sana, maadamu mwenyewe hakukaa mwaka mzima akipaka mafuta ya dukani.

Katika mkoa wa pamba ukurutu huu hupata kisingizio cha pekee, yaani dawa za wadudu. Ni kweli kwamba dawa hizo huunguza na kuwasha ngozi, na mwenye kupiga bomba bila nguo za kujikinga hujitafutia madhara mengi. Lakini muwasho wa dawa hautachagua chuchu moja na kuiacha ya pili, wala hautaendelea miezi miwili baada ya bomba kurudishwa ghalani. Uvumi mwingine unaosikika hata siku ya malipo ni kwamba kuweka noti au simu ndani ya sidiria huleta saratani ya titi. Hakuna uthibitisho wa jambo hilo. Vivyo hivyo wapo wanaoamini kwamba aliyezaa watoto wengi na kuwanyonyesha hawezi kupata saratani ya titi. Kunyonyesha hupunguza hatari, na ni jambo jema, lakini hakuiondoi; wapo akina mama wenye watoto saba walioupata ugonjwa huu.

Ni haki pia kusema wazi kwamba mabadiliko mengi ya ngozi ya titi si saratani. Vipele vya joto, fangasi chini ya titi wakati wa jua kali, jipu la mama anayenyonyesha, ukurutu wa kweli, yote haya ni mengi kuliko saratani. Makusudi ya maelezo haya si kuwatia watu hofu, bali kuweka mpaka: badiliko jipya, la titi moja, lisiloondoka katika muda wa majuma mawili, lapaswa kuonwa na mganga wa hospitali. Na kutoumwa si dalili ya uzima. Saratani ya titi katika hatua zake za mwanzo kwa kawaida haiumi, na ndiyo maana watu huipuuza.

Kipimo na hofu ya kisu

Zahanati haiwezi kuthibitisha saratani, na si kazi yake. Kazi yake ni kutazama, kupapasa titi pamoja na kwapa, na kuandika rufaa. Mgonjwa hupanda kupitia kituo cha afya au hospitali ya wilaya hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyoko Bariadi. Na wanaohitaji madaktari wa saratani hupelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ilikuwa ikipatikana katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, na mgonjwa wa Meatu alilazimika kuvuka nchi nzima. Sasa Bugando nayo inatoa tiba hiyo, na safari imepungua sana.

Ugonjwa huthibitishwa kwa kuchukua kinyama, yaani sehemu ndogo ya nyama au ya ngozi inayotolewa kwa sindano au kwa kisu kidogo, baada ya ganzi, na kupelekwa maabara kutazamwa kwa darubini. Hapa ndipo wagonjwa wengi hukimbia, kwa sababu imeenea imani kwamba saratani ikiguswa na chuma hukasirika na kusambaa. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Watu wamewaona jirani zao wakienda kupasuliwa, kisha wakafariki. Lakini wengi wa jirani hao walikwenda wakiwa wamekwisha chelewa, na kisu kilisingiziwa kosa la muda. Bila kinyama daktari hawezi kujua ni saratani ya aina gani, wala ni dawa ipi itaifaa. Zipo saratani zinazokua kwa kutegemea homoni za mwili, na hizo hutibiwa pia kwa vidonge vya kumeza kwa miaka kadhaa. Zipo zisizosikia vidonge hivyo hata kidogo.

Katika ile saratani inayofanana na jipu, madaktari hawaanzi na upasuaji. Huanza na dawa za kuua chembe za saratani, zinazotolewa kwa awamu, mara nyingi kila baada ya majuma matatu. Kisha hufuata upasuaji, kisha mionzi. Mgonjwa asipoelezwa utaratibu huo mapema, huona kwamba anazungushwa na kupewa tarehe tu, akarudi nyumbani baada ya awamu ya pili. Jamaa wanaomsindikiza wafahamu kwamba tiba hii ni ya miezi mingi na kwamba kuikatiza katikati ni hasara kubwa.

Kuhusu waganga wa kienyeji, ni kupoteza wino kuwatukana. Watu wa Usukuma wamekuwa wakiwaendea tangu zamani, na wataendelea. Ombi ni moja: titi lisichanjwe chale, lisichomwe, wala lisifungwe dawa za kubabua ngozi. Ngozi iliyochomwa huficha dalili na huoza, na daktari hupata kazi mara mbili. Mganga anayempenda mteja wake atamwambia aende hospitali kwanza.

Nafasi ya chama na ya katibu wake

Vyama vya ushirika duniani vilipoweka upya misingi yao mwaka 1995 mjini Manchester, viliongeza msingi wa saba, wa kuijali jamii. Na elimu kwa wanachama ilikuwa miongoni mwa misingi tangu zamani. Tanzania inao mfano wake yenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu na kujadiliana juu ya malaria, maji na vyoo. Katibu anaweza kuyasoma maelezo haya kwa sauti katika mkutano wa wanachama, katika lugha ya Kisukuma ikibidi, kwa nusu saa, kabla ya kuingia katika mahesabu. Yasomwe wanaume wakiwapo. Katika nyumba nyingi safari ya mke kwenda hospitali huamuliwa na mume, na mume asiyejua kwamba ukurutu wa chuchu waweza kuwa saratani hatatoa nauli kwa ajili ya ukurutu.

Lililo gumu zaidi ni fedha. Nauli ya Mwanza, chakula cha msindikizaji, mahali pa kulala, yote haya huja kabla ya mauzo. Chama chenye mfuko wa jamii au chenye utaratibu wa mikopo midogo katika masharti yake kinaweza kuamua, katika mkutano halali na kwa kumbukumbu zilizoandikwa, kwamba mwanachama mwenye barua ya rufaa apewe mkopo wa dharura utakaokatwa katika mauzo yake. Uamuzi wa namna hiyo upitishwe kabla mgonjwa hajapatikana. Ukipitishwa akiwa amekwisha patikana, utageuka mjadala juu ya mtu. Kadhalika katibu na ailinde siri. Habari za titi la mwanachama si habari za ghalani, na mwanamke mmoja akitangazwa, kumi wengine wataficha. Pale ambapo katibu ni mwanaume, ni busara kamati imteue mama mmoja anayeheshimiwa ili wanawake wapate wa kumwambia.

Mwanachama anayesafiri kwenda Bariadi au Mwanza achukue barua ya rufaa, vyeti vya vipimo vyote alivyokwisha kufanyiwa, kadi ya bima kama anayo, na majina ya dawa alizotumia, zikiwamo za mitishamba. Aandike pia tarehe aliyoona badiliko mara ya kwanza. Daktari ataiuliza, kwa kuwa mwendo wa ugonjwa humsaidia kuutambua. Majibu ya kinyama yakichelewa, asikae nyumbani akingoja kuitwa, bali apige simu au arudi siku aliyopangiwa.

Wanaume nao wasidhani maelezo haya hayawahusu miili yao. Katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya titi, mmoja hivi huwa mwanaume, na kwa kuwa titi lake ni dogo, ugonjwa huifikia ngozi na chuchu upesi. Kidonda cha chuchu cha mzee kisichopona kinastahili rufaa ile ile.

Na kwa wale waliokwisha kutibiwa, ambao wamo katika vijiji vya mkoa huu wakiendelea kulima na kuuza: kliniki ya kurudi isiachwe. Ngozi iliyo juu ya kovu la upasuaji itazamwe kila mwezi, pamoja na titi lililobaki. Vipele vigumu vidogo vikitokea juu ya kovu au kando yake, hata visipouma, au mkono wa upande ule ukianza kuvimba, mgonjwa arudi hospitali alikotibiwa bila kungoja tarehe iliyoandikwa katika kadi.